Mbwa wa ulinzi na vipande vya maini: je, warsha ya siku mbili itamharibu?

"Tuna mbwa dume wa miezi 14, mchanganyiko wa jamani shepadi, anaitwa Bobi. Tulimchukua kwa ajili ya ulinzi. Mchana anafungwa mnyororo nyuma ya nyumba, usiku anafunguliwa. Anawarukia wageni, anavuta kamba mpaka mkono unauma, na kila bodaboda ikipita getini anabweka kama amepagawa. Wiki iliyopita alimngurumia mtoto wetu wa miaka sita aliyepita karibu na sahani yake ya chakula. Mume wangu akamchapa. Sasa nimeona tangazo la warsha ya siku mbili hapa Arusha, ya kufundisha mbwa kwa upole na kwa zawadi, shilingi 120,000 kwa familia na mbwa mmoja. Mume wangu anasema mbwa akizoeshwa vipande vya nyama atakuwa legelege, na mwizi akija na nyama mkononi atapita bila shida. Mlinzi wetu, ambaye ndiye anayemlisha, ni Mwislamu na hataki kuguswa na mate ya mbwa. Je, niende? Na nikienda, nijiandaeje?"

Dada, nenda. Ila siku ya kwanza usiende na Bobi. Nenda na mlinzi wako, na mumeo kama atakubali. Sababu nitaieleza. Kabla ya hapo kuna jambo moja katika barua yako lisiloweza kusubiri tarehe ya warsha, nalo ni ule mngurumo.

Mbwa anayenguruma juu ya chakula chake anasema kwa sauti aliyopewa: nina wasiwasi, usisogee. Si jeuri, wala si kutaka ukubwa wa nyumba. Anapochapwa kwa kunguruma, wasiwasi wake hauondoki. Kinachoondoka ni onyo. Siku nyingine mtoto akipita, Bobi atakuwa na hofu mbili badala ya moja: chakula kitachukuliwa, na kipigo kinakuja. Mbwa aliyefikishwa hapo ndiye watu husema "kauma ghafla tu, hakuna hata dalili". Dalili ilikuwepo, ilinyamazishwa. Kwa hiyo kuanzia jioni ya leo Bobi ale peke yake, nyuma ya mlango uliofungwa au ndani ya banda lenye komeo, na sahani iokotwe yeye akiwa ameshatolewa. Mtoto asimpelekee chakula, asimkumbatie akiwa amelala, asiachwe naye peke yake hata dakika moja. Na mtu mzima yeyote asitie mkono kwenye sahani "ili azoee". Kuchezewa chakula hakumzoeshi mbwa. Kunamthibitishia kuwa hofu yake ilikuwa ya kweli.

Sasa warsha yenyewe. Watu wengi hulipa wakidhani watapeleka mbwa mkorofi na kurudi na mbwa mtiifu, kama wanavyopeleka gari gereji. Kwa siku mbili hilo halitokei. Anayefundishwa pale ni wewe. Bobi, kwenye uwanja asioujua wenye mbwa wageni saba au wanane, atajifunza kidogo sana, pengine nusu ya anachoweza kujifunza nyumbani kwake. Wewe utajifunza kupatia wakati wa kutoa zawadi, kusoma mwili wa mbwa na kupanga zoezi. Ujuzi huo ndio utakaombadilisha Bobi katika wiki sita au nane zitakazofuata, huko huko uani kwenu. Ndiyo maana mlinzi awepo. Yeye ndiye anayemlisha, yeye ndiye aliye naye saa nyingi, na kama yeye anafanya hivi na wewe unafanya vile, fedha yenu imepotea.

Mumeo ana hoja inayohitaji jibu la haki, maana wengi wanaifikiria hivyo. Anaona nyama kama rushwa. Rushwa huonyeshwa kabla ya kazi. Mshahara huja baada ya kazi. Ukimwonyesha Bobi nyama ndipo akae, umemhonga, na siku huna nyama hatakaa. Akikaa kwanza, nyama ikatoka mfukoni mahali asipoiona, umemlipa. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike aliandika jambo hili baada ya kuwatazama paka wakijifunza kufungua masanduku: tendo linalofuatwa na matokeo mazuri hurudiwa, lisilofuatwa na kitu hufifia. Mafunzo mengi ya wanyama, ya upole na ya ukali, yamesimama juu ya kanuni hiyo. Tofauti ni matokeo gani unayochagua kuyatumia.

Na kuhusu ulegelege, tusiende mbali. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mwalimu hubonyeza kidude kinacholia "tik", panya anakuja kula ndizi. Hakuna kiboko. Mmoja wao, Magawa, aliyefunzwa hapo hapo, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Mwaka 2020 PDSA, shirika la hisani la tiba ya wanyama la Uingereza, lilimpa nishani ya dhahabu. Mbwa wa kunusa pembe za ndovu nao hufanya kazi kwa ajili ya mpira wanaorushiwa wakipata kilichofichwa. Kazi hizi hazina nafasi ya ulegevu, na zinafanywa kwa zawadi kwa sababu mnyama mwenye hofu hanusi vizuri wala hajaribu kitu kipya, anajikunyata asubiri.

Mtasikia pia hoja ya kwamba mbwa lazima aonyeshwe nani mkubwa, alazwe chali mpaka asalimu amri. Ilitoka kwa uchunguzi wa mbwa mwitu wa nchi za baridi (si wale wenye mabaka wa hifadhi za Nyerere na Ruaha) waliofungiwa pamoja bila kuwa ndugu. Mtafiti Rudolf Schenkel aliuchapisha mwaka 1947. Mtafiti mwingine, David Mech, aliyelieneza wazo hilo kwa kitabu mwaka 1970, baadaye aliwafuatilia porini, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Wazazi huongoza kwa sababu ni wazazi. Kwa hiyo kumlaza Bobi chali hakumfundishi cheo chochote. Kunamfundisha kuwa mikono yenu ni hatari. Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walichapisha kazi waliyoifanya kwa mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo: waliotoka shule zinazotumia sana maumivu na vitisho walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa mafunzo, na homoni ya msongo katika mate yao ilipanda zaidi baada ya somo.

Lakini suala la mwizi na nyama, hapo nitasema ukweli usiopendeza upande wowote. Mbwa atakayekula nyama ya mwizi ataila awe amefunzwa kwa zawadi, kwa kiboko, au hajafunzwa kabisa. Na mwenye njaa ataila haraka zaidi. Kumfundisha kukataa chakula cha mtu asiyemjua kunawezekana: anajifunza kwamba kinachookotwa chini hakileti faida, na kusubiri neno la ruhusa hulipwa kitu kizuri zaidi. Hata hivyo, nyama yenye sumu hurushwa usiku wa manane wakati hakuna wa kusimamia, na hakuna mwalimu anayeweza kukuhakikishia kuwa Bobi ataiacha. Atakayekuhakikishia, mtilie shaka katika mengine yote. Kinga ya kweli ni kumweka usiku karibu na nyumba, mbali na ukuta wa barabarani, kwa uzio wa ndani kama mnao, taa, na mlinzi kuzunguka uani kila alfajiri kuokota chochote kilichorushwa. Kazi kubwa ya mbwa wa nyumbani ni kutoa taarifa, na kubweka kwa mgeni getini ni jambo la asili ya mbwa, halifutwi na maini. Tena mtaweza kumfundisha kunyamaza: akibweka mara tatu, mlinzi anasema "Asante", anatupa kipande chini mbali na geti, Bobi anageuka. Mkishaweza kumnyamazisha, mtajua kubweka kunakoendelea kuna maana.

Kabla ya kulipa, piga simu uulize. Mbwa akikosea, mnafanya nini? Jibu zuri ni la kuchosha kidogo: tunapunguza ugumu, tunaongeza umbali, tunajaribu tena. Ukisikia "tunamsahihisha kidogo", uliza kwa kifaa gani. Mnyororo wa kukaba, kola yenye meno na kola ya umeme havina nafasi katika warsha inayojiita ya upole. Uliza kila mwalimu ana mbwa wangapi. Zaidi ya sita hadi wanane hatawaona vizuri. Uliza kama wanadai kadi ya chanjo. Wasiodai chanjo ya kichaa cha mbwa na ya parvo (ugonjwa wa virusi wa kuharisha kwa mbwa) hawastahili mbwa wako, hata wawe na maneno matamu kiasi gani. Katika nchi nyingi mtu yeyote anaweza kujiita mwalimu wa mbwa bila leseni, kwa hiyo maswali yako ndiyo ukaguzi. Mwisho waambie wazi kuwa Bobi amemngurumia mtoto na anapagawa na bodaboda, uulize kama mnaweza kuja siku ya kwanza bila mbwa. Watu wengi huficha mambo haya kwa aibu, na wanaoumia ni mbwa wengine. Mwalimu mwenye ujuzi atakushukuru kwa kumwambia, na huenda akasema Bobi aonwe kwanza peke yake. Usilichukulie kama kukataliwa.

Wakati huo huo mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mbwa mwenye sikio lililooza, jino bovu, minyoo au nyonga inayouma huwa mkali kuliko alivyo, na jamii ya jamani shepadi inajulikana kwa matatizo ya nyonga. Kadi ya chanjo mtaipata hapo hapo.

Zawadi ziandae nyumbani. Chemsha maini dakika 15 bila chumvi, bila kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, kama ilivyo chokoleti na zabibu), yapoe, yakate vipande vidogo kama punje ya hindi, kisha yakaushe kidogo kwenye kikaango kisicho na mafuta ili yasikuchafue mfukoni. Gramu 100 za maini zinatosha kwa siku, zikizidi ataharisha. Ongeza gramu 150 za mapupu yaliyochemshwa au kuku asiye na mifupa, na dagaa wa Mwanza waliopepetwa mchanga. Soseji ziache, zina chumvi na mafuta mengi. Kwa mbwa wa kilo 28 au 30 hiyo ni sehemu ya chakula cha siku, kwa hiyo punguza cha jioni. Asubuhi ya somo mpe theluthi tu ya chakula chake: aje na hamu, asije na njaa. Vipande viwe vidogo kweli, maana mwanzoni utatoa kumi hadi kumi na tano kwa dakika, na mbwa anayetafuna muda mrefu anasahau alicholipwa.

Hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo: wakati. Zawadi ikichelewa sekunde tatu, Bobi aliyekaa atakuwa ameshasimama na kukurukia, na ulicholipa ni kuruka. Ndiyo maana tunatumia sauti fupi inayosema "hapo hapo, umepatia", kisha nyama inafuata ndani ya sekunde mbili. Wengine hununua kidude cha kubonyeza kama kile cha Morogoro. Wewe una ulimi: piga kidoko. Sauti yake ni kali, haifanani na maneno ya kila siku, na haisahauliki nyumbani. Anza leo, hata kabla ya warsha. Kidoko, nyama, kidoko, nyama, mara 15 hadi 20, bila kumwomba afanye chochote. Rudia kesho. Siku ya tatu piga kidoko akiwa anatazama pengine. Akigeuka haraka kukutafuta, sauti imeshapata maana, na utafika kwenye warsha ukiwa mbele ya wenzako.

Zoezi la kukaa litakuwa la kwanza. Kipande puani, mkono unapanda taratibu kuelekea nyuma ya kichwa, makalio yanashuka, kidoko, nyama. Fanya hivyo mara tano au sita tu. Ya saba mkono uwe mtupu, ishara ile ile, na nyama itoke kwenye pochi ya kiunoni kama ile ya wamachinga. Watu wengi hukwama hapa: wanaendelea kushika nyama mkononi kwa wiki nzima, kisha wanalalamika kuwa mbwa "anasikiliza nyama tu". Neno la amri liingie baadaye, ishara ikishakuwa ya uhakika, na mkubaliane familia nzima. Ningekushauri "Keti" badala ya "Kaa". "Kaa" na "Lala" zinakaribiana sana masikioni, tena "kaa" tunaisema kila saa kwa wageni. Dakika tatu hadi tano kila somo, mara tatu kwa siku. Akipatia nane kati ya kumi, ongeza ugumu kidogo. Akipatia chini ya tano, rudi nyuma, kosa ni la mpango wako.

Kuruka kwa wageni kunadumu kwa sababu kunalipa. Kumsukuma kwa mikono, kumkemea usoni, kumtazama: vyote kwake ni kupewa alichotaka. Na mgeni mmoja kati ya kumi akimchekea, ataendelea kujaribu kwa wote kumi, kama mcheza bahati nasibu. Mfunge kamba fupi kabla geti halijafunguliwa; mgeni asogee miguu minne ya Bobi ikiwa chini, arudi nyuma hatua mbili ikinyanyuka. Tupa vipande sakafuni mgeni anapoingia, kichwa cha Bobi kitafuata chini. Kuvuta kamba vilevile: ikikazika, simama kama mti, ikilegea, piga kidoko na lipa karibu na paja lako. Mkanda wa kifuani unaofungwa kamba kwa mbele utakupunguzia maumivu ya mkono huku akijifunza. Na kusema kweli, mbwa aliyefungwa mnyororo tangu asubuhi hawezi kutembea kwa utulivu jioni. Nusu saa ya kutembea na kunusa alfajiri, kila siku, itafanya kazi kubwa kuliko zoezi lolote nililoandika hapa. Kama mnaweza kubadilisha mnyororo kwa uzio, fanyeni hivyo kabla ya kununua kitu kingine.

Bodaboda inataka umbali. Tafuta mahali ambapo Bobi anaiona lakini bado anaweza kula, labda mita 40. Bodaboda inatokea, nyama inaanza. Inapotea, nyama inakwisha. Mpangilio huo usigeuzwe. Ukianza na nyama kabla ya bodaboda, atajifunza kuwa nyama ni dalili ya balaa. Akikataa kula au akibweka, mko karibu mno, rudini nyuma bila kumkemea. Zoezi hilo huchukua wiki kadhaa.

Akija siku ya pili, mbebee jamvi lake lenye harufu ya nyumbani, maji na bakuli, na kamba ya mita mbili. Kama hajawahi kupanda gari, mzoeshe wiki moja kabla. Jua la saa tano hadi saa tisa si la mazoezi. Weka mgongo wa mkono kwenye lami, ukishindwa kuuacha sekunde saba, nyayo zake nazo zinaungua. Mtazame mwili: kujilamba pua bila chakula, kupiga miayo asiye na usingizi, mkia kuingia kati ya miguu, weupe wa jicho kuonekana pembeni, mwili kuganda. Ukiona mawili kati ya hayo mtoe pembeni apumzike, hata kama zamu yako imefika. Mwalimu mzuri hatakulazimisha. Kesho yake atalala sana, mwacheni.

Kuna hali ambazo warsha ya kundi si mahali pake. Akiwa ameshatoboa ngozi ya mtu, akinguruma tena kuelekea mtoto hata mbali na chakula, au akiganda mwili na kukazia macho mtu wa nyumbani, tafuteni daktari wa mifugo na mtaalamu wa tabia aje nyumbani awaone ana kwa ana. Zoezi la kumbadilisha hisia kuhusu sahani lipo: mtu mzima anapita kwa mbali, anatupa kitu kitamu kuliko kilichomo, anaondoka, na umbali unapungua kwa wiki nyingi. Lisimamiwe na anayejua kusoma mwili wa mbwa, na mtoto asihusishwe kabisa. Mtu yeyote akiumwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakiponi. Mbwa asiuawe wala kutupwa. Afungiwe, afisa mifugo ajulishwe, aangaliwe siku 10.

Mlinzi wako umwambie kwamba heshima yake kwa ibada haigongani na mafunzo haya. Hatalazimika kumlisha Bobi mkononi hata mara moja. Vipande vinaweza kutupwa chini mbele ya miguu yake, na kwa mbwa anayerukia watu hiyo ni bora zaidi, kwa sababu zawadi inamshusha badala ya kumpandisha. Kwa mazoezi ya kutembea ubavuni atumie kijiko cha mbao chenye mpini mrefu wa nusu mita, kilichopakwa kidogo maini yaliyopondwa. Bobi atalamba ncha yake tu. Kijiko hicho, pamoja na jozi ya glavu za kushikia kamba, vikae bandani peke yake, visichanganywe na vya jikoni. Hukumu ya twahara (usafi wa ibada) ataiuliza kwa sheikh wake, na waandaaji waambieni mapema ili asipangiwe zoezi la kugusana.